Anayesema Kitabuni ni Nani? Maneno Niliyowaambia Wasomaji wa Tanga

Wazee wangu, walimu, wanafunzi na wasomaji wenzangu, assalaam aleikum. Nanyi mnaosalimiana kwa Bwana Yesu asifiwe, nawasalimu kwa heshima ile ile.

Nimeitwa niseme juu ya vitabu nilivyoazima maktabani miezi hii ya karibuni, na nimeombwa niseme ninavyoviona mimi mwenyewe. Nashukuru kwa wito huo, maana msomaji wa kawaida haulizwi mara nyingi. Huulizwa mwalimu wa fasihi, au mwandishi. Mimi nilikuwa karani wa bandari hapa hapa Tanga. Enzi zetu meli zilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi gatini, na kila hatua palikuwa na karani mwenye daftari. Kazi ile hukufunza kwamba mzigo usioandikwa ni kama haukufika. Hata ukianguka majini mbele ya macho ya watu, kama daftari halikusema, hakuna wa kuudai. Tangu nistaafu nasoma vitabu kwa jicho hilo. Nataka kujua anayesema humo ndani ni nani, na yupi yupo lakini hakupewa neno.

Nianze na kilichonishika kuliko vyote: Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi. Nakala niliyoipata ilikuwa ya kusomea humo humo maktabani, hairuhusiwi kutoka, kwa hiyo nilikuwa naingia asubuhi na kutoka wakati wa kufunga. Kitabu hiki kilichapwa kwanza Magila, pale kwa wamisionari wa Muheza, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Yaani wakati mji huu ungali wa Wajerumani, mtu alikaa akaandika kwa Kiswahili historia ya watawala wa Usambara, kwa urefu, kwa majina, kwa mazungumzo. Naona ajabu kwamba watoto wetu wanamaliza sekondari bila kukisikia, ilhali kinawahusu wao na milima wanayoiona wakisafiri kwenda Lushoto.

Habari ya Mbega, mtawala wa kwanza wa Wakilindi, mnaijua kwa kusimuliwa. Alitoka Unguu, alikuwa kigego, yaani meno ya juu yalimtangulia, na ndugu zake wakalitumia jambo hilo kumnyima urithi wa wazazi wake. Akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akawa mwindaji wa nguruwe. Wakati ule nguruwe walikuwa wanamaliza mashamba ya watu, kwa hiyo kila alikofika alipokewa, na nyama aliigawa. Mwisho aliua simba, na watu wa Vugha, huko Usambara, wakampa utawala. Wengi wanaoisimulia hukimbilia simba. Mwandishi wetu hakimbilii. Anakaa na mambo ya kugawana nyama, kuombana chumvi, kuchanjiana udugu, nani kamtuma nani kwa nani na kwa maneno gani. Ukimaliza sehemu ile unaelewa kuwa utawala ulijengwa jikoni na barazani kabla haujajengwa kwa mkuki. Sijasoma kitabu cha historia ya huku kwetu kinachoeleza siasa kwa namna iliyo wazi kiasi hicho. Na humo kila mtu anasema: mwindaji anasema, wazee wanasema, hata wanaotumwa maji wana neno lao.

Kisha tunafika kwenye vita vya Kiva, na hapo sauti inabadilika. Mimi ni Mbondei. Kiva ni sisi. Katika karne ya 19 Wabondei waliinuka wakawafukuza Wakilindi waliowatawala, na chanzo cha ghadhabu kinajulikana: watawala walikuwa wanakamata raia wao wenyewe na kuwauza utumwani. Sasa Abdallah bin Hemedi alikuwa mtu wa karibu na watawala hao, aliwatumikia, na kalamu yake imekaa upande wa baraza lao. Wakilindi wana majina, wana nasaba, wana maneno ya mwisho kabla ya kufa. Wabondei wengi wanapita kama kundi. Nilisoma kurasa zile nikiwa na hamu ya kumsikia mama mmoja tu wa Kibondei ambaye mwanawe alichukuliwa, asimame mbele aseme lililompata. Hakusimama.

Simlaumu mwandishi kwa hilo kiasi cha kukitupa kitabu chake. Asingeandika yeye tusingekuwa hata na hicho cha kubishana nacho. Lakini nawaambia vijana wa Muheza mliomo humu: hiyo ni nusu ya daftari. Nusu nyingine wako nayo bibi zenu, na wanaondoka mmoja mmoja. Nendeni na simu zenu hizo mkawarekodi.

Kando ya kitabu hicho niliweka Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa pwani yetu hii. Huu unahesabu mwaka kwa hijria, 1307, na unahusu vita vya Abushiri, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, yaani hao Wadachi. Mnakumbuka mwanzo wake: Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilipotaka kusimamisha bendera yake Pangani, mji ukakataa. Abushiri alinyongwa huko huko Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kwenye vitabu vya shule habari hii ni aya moja, wakati mwingine mistari mitatu. Katika utenzi ni watu wanaogombana barazani, wanaotishana, wanaoogopa, wanaoapa.

Utenzi huu usisomwe kwa macho peke yake. Nilijaribu nyumbani, nikachoka upesi. Kisha jirani yangu mmoja, mzee anayejua kughani, akauchukua akaanza, mizani nane nane, na barazani pakanyamaza. Wajukuu waliokuwa wanacheza nje wakaingia. Naamini kosa letu kubwa na tenzi ni kuzifanyia mtihani kabla ya kuzisikia. Kama kuna mwalimu humu anayeufundisha, namwomba kwanza amtafute mtu wa kughani.

Sasa Shaaban Robert. Hapa najua niko nyumbani kwake, mtoto wa Vibambani, Machui, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, na najua wapo wazee humu ambao jina lake hulitaja kwa kushusha sauti. Nami namheshimu. Lakini heshima ya msomaji ni kusoma kwa haki, kwa hiyo niseme ninavyoona.

Kusadikika nilikirudia baada ya muda mrefu. Kilitoka mwaka 1951, mkoloni angali juu ya kiti. Karama anashitakiwa na waziri, Majivuno, kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Waziri anasema, kisha mshitakiwa anapewa siku sita za kujitetea, na siku hizo anazitumia kuwasemea wajumbe sita waliotumwa kila upande wa dunia, wakarudi na habari njema, wakatiwa gerezani. Nilipokuwa kijana niliona ni hadithi ya nchi inayoelea angani. Sasa naona ni kitabu cha utaratibu wa mahakama: kwamba aliyeshitakiwa asikizwe mpaka amalize. Jambo hilo mwandishi alilisema kwa watu ambao wakati ule hawakuwa na baraza la kuwasikiliza, na alilisema chini ya pua ya serikali aliyoifanyia kazi. Huo ni ujasiri. Udhaifu wake ni majina. Mtu akiitwa Majivuno tangu ukurasa wa mwanzo, mimi msomaji sina la kugundua juu yake. Sijui kama ana mtoto, kama analala usiku. Nadhani hoja ingekuwa nzito zaidi kama waziri angekuwa na hoja ya kweli kidogo.

Ndiyo maana katika vitabu vyake napendelea Wasifu wa Siti binti Saad. Huyu hakumbuni. Alikuwepo. Mzaliwa wa Fumba, Unguja, mtoto wa mfinyanzi, mwenyewe akibeba vyungu kuuza, akaja mjini, akajifunza kuimba kwa watu waliomkubali, na mwaka 1928 akavushwa hadi Bombay sauti yake ikatiwa katika santuri. Waliomcheka kwa asili yake na kwa kaniki aliyojifunga alipoingia mjini aliwajibu kwa wimbo, na mpaka leo jibu lake tunalijua kuliko dhihaka yenyewe. Shaaban Robert akaona mwanamke huyu anastahili wasifu, kama anavyostahili jemadari au sultani. Mwaka 1958! Nani mwingine kati ya waandishi wetu wa wakati ule alimwona muuza vyungu kuwa ni mtu wa kuandikiwa kitabu?

Lakini hata humo nina kiu. Mwandishi anapenda kutoa mawaidha, na mara nyingi Siti anapotaka kusema, mwandishi anatangulia kumweleza. Ningependa nijue zaidi alivyofanya mazoezi, alivyogawana fedha na wapiga vyombo wake, aliwaambia nini wale waliomwalika majumbani mwao halafu wakamseng'enya. Sisi watu wa Tanga tumekulia kwenye taarabu. Tulikuwa na vikundi vya Black Star na Lucky Star, tulimsikia Shakila. Tunajua kuwa mwimbaji ana maisha marefu kabla ya kipaza sauti na baada yake. Wasifu wa waimbaji wetu hao, ulioandikwa kwa kina, mimi bado naungoja.

Na kwa kuwa nimeitaja taarabu, Siku Njema cha Ken Walibora kinastahili kusemwa hapa, maana kinaanzia mji huu. Zainabu Makame, mama yake Kongowea, ni mwimbaji wa Tanga. Mwandishi alikuwa Mkenya, alifariki Nairobi mwaka 2020, na bado alimchagulia mhusika wake mama wa kutoka kwetu. Sehemu ya Tanga ndiyo bora katika kitabu kizima: mtoto anayesikia mama yake akisifiwa na watu wale wale wanaomsema. Akishavuka kwenda Kenya kumtafuta baba yake, mambo yanamtokea kwa bahati mno. Watu wanakutana pale hasa mwandishi anapowahitaji. Hata hivyo Kiswahili chake ni kitamu, na mwanafunzi anayetaka kuandika insha nzuri akisome. Kongowea mwenyewe anaibuka kwa insha.

Kuli cha Adam Shafi nilikisoma kwa siku chache tu, kwa sababu kazi ile naijua mwilini. Bandari ya Unguja, Rashidi, mgomo wa mwaka 1948. Waandishi wengi wakimwandika mchukuzi humwonea huruma na kumwacha hapo. Adam Shafi anaeleza kazi: uzito unavyokaa begani, mkubwa wa zamu anavyomtazama mtu, mshahara unavyoisha kabla ya kufika nyumbani. Sehemu za mwisho naona wahusika wanaanza kuisemea siasa zaidi ya kujisemea wao, na hilo linapunguza. Lakini niliwapelekea wenzangu wawili wa zamani wa bandarini, watu wasiosoma riwaya, na kitabu kilichelewa kurudi maktabani kwa sababu kila mmoja alitaka akimalize. Kwangu hiyo ni sifa ya kutosha.

Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi za Muhammed Said Abdulla, nimemsoma tena kwa raha tu, Mzimu wa Watu wa Kale, cha mwaka 1960, na sina la kumdai. Anafikiri sawasawa, anavuta kiko chake, anaumbua uongo. Wapeni watoto wenu wanaosema kusoma kunachosha.

Rosa Mistika ndicho kilichonikosesha usingizi. Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, baadaye kikarudi. Wasiokisoma waniwie radhi, maana siwezi kusema ninalotaka bila kugusa mwisho. Zakaria ni baba mlevi na mkali. Anampiga Rosa kwa barua ya mvulana, barua ambayo mtoto hakuiomba. Anadhani anamlinda. Rosa anakua akiwa na hofu ya mwanamume kuliko maarifa juu yake, na anapofika mbali na macho ya baba hana kipimo chochote cha kumwongoza. Watu wengi wanaishia kuhukumu tabia yake. Binti mmoja wa kidato cha sita niliyezungumza naye pale maktabani, na leo yupo hapa, aliniambia kwa msisitizo kwamba Rosa alikuwa na akili zake na alichagua mwenyewe, na kwamba sisi wazee tukimtupia baba lawama zote tunamfanya Rosa aonekane mjinga.

Nimelifikiria sana neno hilo, na naliheshimu. Lakini tazameni alipowekwa yule mtoto kusema. Katika uhai wake wote Rosa hapati nafasi ya kumwambia baba yake umeniharibu hapa na hapa. Nafasi hiyo mwandishi anampa baada ya kifo, mbele ya Mungu, baba na binti wamesimama wakishindana kwa maneno. Kezilahabi alikuwa na dunia nzima ya kuchagua, Ukerewe, shuleni, chuoni, nyumbani kwao jikoni, na hakuona hata mahali pamoja ambapo binti wa Kitanzania angeweza kumjibu baba yake akasikizwa. Akaona apeleke shauri mbinguni. Mimi ni baba wa mabinti. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikampigia simu mkubwa wao, nikamwuliza tu kama kuna jambo alitaka kuniambia tangu zamani. Tulizungumza muda mrefu. Yaliyosemwa ni yetu.

Cha mwisho ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah. Mnajua habari: mzaliwa wa Unguja, Tuzo ya Nobeli ya fasihi 2021. Riwaya yenyewe ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri, ikachapwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Miaka 28 watu wa pwani tuliandikwa katika kitabu ambacho wengi wetu hatukuweza kukisoma. Napongeza kazi hii kwa moyo wote. Mazungumzo ya dukani na ya msafarani yanasomeka kama watu wameketi mbele yako. Pale penye maelezo marefu ya nchi na safari sentensi zinanielemea kidogo, lakini naona huo ni mzigo wa kitabu chenyewe, si wa mfasiri.

Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Baba yake ana deni kwa mfanyabiashara tajiri, Aziz, ambaye mtoto amezoea kumwita ami. Siku moja anaambiwa anakwenda safari na ami yake. Hakuna anayemweleza kuwa amewekwa rehani. Anayemweleza ni kijana mwenzake wa dukani, Khalil, aliyewekwa rehani kabla yake, na anamrudia mara kwa mara: huyu si ami yako. Wazazi walinyamaza kwa upendo na kwa aibu, na kimya hicho ndicho kilichomuuza mtoto. Wafanyabiashara wanazungumza kitabu kizima, juu ya vipusa, juu ya washenzi, juu ya Mjerumani anayekuja. Yusuf, ambaye kitabu ni chake, anasikiliza.

Lakini yupo mzee wa bustani, Mzee Hamdani. Mtumwa wa zamani, hasemi, anapalilia na kumwagilia. Yusuf anapomwuliza kwa nini hakukubali uhuru alipopewa, mzee anajibu kwamba uhuru wake haukuwa mali ya mtu hata ampe. Maneno machache, kisha anarudi kwenye kazi yake. Nimesoma vitabu vingi juu ya utumwa wa pwani yetu, vingine vya wasomi wakubwa, na sikumbuki mahali jambo hili liliposemwa kwa uzito kama huo. Sisi hapa Tanga bado tunaona haya kulizungumza. Tuna familia zinazoulizana asili wakati wa kuposa, na swali linaloulizwa tunalijua wote. Kitabu hiki kiwe katika kila maktaba ya mkoa huu, na nakala isiwe moja.

Nina ombi kwa wanaohusika na maktaba. Rafu ya Kiswahili ijazwe. Vitabu vya mitihani vipo, na wanafunzi wanavigombania, lakini mtu mzima anayetaka riwaya ya Kiswahili iliyotoka miaka hii mitano anazunguka na kuondoka mikono mitupu. Habari za Wakilindi ipatikane nakala ya kuazimwa. Na sisi wanachama tuwe na kikao cha kusoma kwa sauti. Pendekezo langu tuanze na utenzi wa el-Buhriy, tugawane beti, na yule jirani yangu amekubali kuja kutuongoza.

Sasa yule binti wa kidato cha sita amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Rosa. Mwanangu, njoo mbele uchukue kipaza sauti. Bado unaamini nimemwonea Zakaria?